Je, Yafaa Kumpeleleza Popo?

Upande wa mashariki wa kijiji chetu liko pango la mawe ya chokaa, na ndani yake wamo popo wasiohesabika. Tangu zamani za mababu zetu watu huingia humo siku za kiangazi kuchota samadi, wakaitia mashambani mwao au kuiuza kwa gunia kwa wenye bustani za mboga. Hakuna aliyeiona kazi hiyo kuwa ya ajabu, mpaka mwaka juzi walipokuja wageni watano, vijana wa nchi hii hii pamoja na mwalimu wao, wamechukua nyavu nyembamba kama utando wa buibui na masanduku ya baridi. Jua lilipokuwa likitua walivaa mavazi meupe toka utosini hata nyayoni, wakafunika macho, pua na vinywa, wakaingia. Sisi tulisimama nje tukitazama.

Mzee mmoja, ambaye shamba lake limepakana na mdomo wa pango, alinigeukia akasema, "Mwalimu, sisi twaingia mle na shati moja na kikapu. Hawa wenzetu wamejua nini tusichokijua sisi?"

Neno lile limenikaa moyoni, nalo ndilo lililonishikisha kalamu. Maana nyuma yake limo swali kubwa. Je, ni haki kumpeleleza kiumbe asiye na kosa, kumnasa usiku na kumpangusa kinywa, kwa hofu ya ugonjwa ambao labda hautatokea kamwe? Na ikiwa ni haki, mpelelezi adaiwa nini, naye adaiwa na nani?

Yafaa kwanza tuielewe kazi yenyewe, kwa kuwa vijijini yasemwa mengi juu yake yasiyo kweli. Wavu hutandazwa penye njia ya popo. Anaponaswa, huondolewa kwa mikono yenye glavu, hutiwa katika mfuko wa nguo, hupimwa uzito na urefu wa mkono, kisha hupanguswa kinywani na nyuma kwa kijiti chenye pamba, akaachwa aende zake. Pengine hashikwi kabisa: jioni hutandikwa karatasi ya nailoni chini ya mahali walalapo, na baadaye mavi yaliyodondoka huokotwa. Pamba na mavi hutiwa katika vichupa, mara nyingi pamoja na dawa ya kuua virusi, hugandishwa kwa baridi iliyo kali kuliko barafu, hupelekwa maabara. Huko hutafutwa ule uzi mwembamba mno ambao ndani yake zimeandikwa habari zote za kirusi, nao ukipatikana husomwa herufi baada ya herufi na kulinganishwa na nyuzi zinazojulikana. Lakini mtu asidhani kwamba kuuona uzi ni sawasawa na kuuona ugonjwa. Ni kama kuokota ufunguo njiani: wajua kuwa ni ufunguo, lakini hujui kama wafungua mlango wa nyumba yako.

Virusi wanavyovitafuta zaidi ni vya jamii ya korona, vilivyoitwa hivyo kwa sababu ya miiba iliyovizunguka kama taji. Aina nne zake zimekaa nasi siku nyingi, nazo huleta mafua ya kawaida. Hofu ilianza mwezi wa Novemba 2002, ulipozuka ugonjwa mpya wa mapafu katika jimbo la Guangdong, kusini ya China, ukaitwa SARS. Ulipokoma katika Julai 2003 ulikuwa umewashika watu zaidi ya 8,000 na kuwaua 774. Wataalamu wakamtafuta mnyama aliyeuleta, wakavikuta virusi vyake katika fungo wa nchi ile, ambao walikuwa wakiuzwa sokoni kwa kuliwa. Hukumu haikukawia. Katika Januari 2004, wagonjwa wachache walipoonekana tena, serikali ya jimbo iliamuru fungo wapatao 10,000 wauawe. Mwaka uliofuata, 2005, makundi mawili ya wataalamu yalitangaza kwamba jamaa za virusi vile huishi katika popo ambao pua zao zina ngozi iliyopinda mfano wa kwato ya farasi. Fungo alikuwa njia tu, tena yawezekana alikuwa mgonjwa kama sisi.

Siwalaumu sana wale watawala. Walikuwa wakiogopa, na watu walikuwa wamekufa. Lakini hapa natambua tofauti ya kwanza, nayo ni kubwa: kupeleleza si kuhukumu. Wenye kuisoma Torati watakumbuka jinsi kuhani alivyoagizwa akiona doa katika ngozi ya mtu. Asipokuwa na hakika hakumtangaza kuwa najisi palepale, bali alimtenga siku saba, akamtazama tena, na pengine siku saba nyingine. Kupeleleza popo ni kazi ya namna hiyo, ya kutazama na kutazama tena, kwa kuwa virusi huongezeka na kupungua kwa majira, na pango lililoonekana safi mwezi huu laweza kuwa na habari nyingine miezi sita ijayo. Kundi la Bibi Shi Zhengli wa Wuhan lilirudia pango moja la jimbo la Yunnan kwa muda wa miaka mitano. Katika mwaka wa 2017 wakatangaza kwamba sehemu zote za uzi wa SARS zimo mle, ila hazikukaa pamoja. Zimetawanyika katika virusi mbalimbali, kama vipande vya chungu kimoja vilivyo katika nyumba nyingi.

Jambo lililonigusa kuliko hilo ni habari ya wanavijiji wenyewe. Karibu na mapango mawili ya wilaya ya Jinning, katika Yunnan hiyohiyo, viko vijiji vinne, vingine kiasi cha kilomita moja kutoka pangoni, vingine kama sita. Mnamo Oktoba 2015 watu 218 wa vijiji hivyo walitolewa damu ikapimwa. Katika damu ya sita kati yao zilionekana kinga ambazo mwili huzifanya baada ya kupambana na virusi vya popo vya ukoo wa SARS. Hakuna hata mmoja wa wale sita aliyesema kwamba amewahi kumshika popo. Walikuwa wamewaona tu wakiruka kijijini. Wala hakuna aliyekumbuka kuugua ugonjwa wa namna ile katika mwaka uliopita.

Tazameni, ndugu zangu. Watu sita walitembelewa na mgeni usiku, akaondoka kabla hawajaamka. Nimesikia watu hapa wakisema, "Tumekaa na popo miaka yote, wala hatujafa." Ni kweli, na watu wa Jinning wangaliweza kusema vivyo hivyo. Lakini wazee wetu walisema kwamba usilolijua ni kama usiku wa giza, nao hawakusema kwamba giza ni ulinzi. Ilivyokuwa, ufunguo ule haukuingia vema katika mlango. Hatuwezi kuihesabu bahati kuwa ni busara yetu.

Basi kwa ajili ya watu sita wale nasema kwamba kupeleleza ni haki. Lakini liko shauri la upande wa pili, nalo si la wajinga. Methali yasema, usimwamshe aliyelala, ukimwamsha utalala wewe. Serikali ya Marekani iligharimia kazi kubwa iitwayo PREDICT toka mwaka wa 2009 hadi 2020, ya kutafuta virusi vya wanyama katika nchi nyingi, na Tanzania, Uganda, Rwanda na Kongo zilikuwamo. Virusi vingi vipya vilipatikana. Hata hivyo UVIKO-19 ulipotangazwa huko Wuhan katika Desemba 2019, hakuna aliyekuwa ametangulia kuutabiri, nao ukaua mamilioni. Jinsi ulivyomfikia mtu wa kwanza yabishaniwa hata leo. Wengi katika wataalamu waelekeza kidole kwenye soko la wanyama, wengine wasema yawezekana ulitoka maabara. Mwaka wa 2021 Marekani ilianzisha kazi nyingine ya namna hiyo, DEEP VZN, na katika 2023 ikafungwa, baada ya baadhi ya wataalamu kuonya kwamba kuvikusanya virusi visivyojulikana na kuvichukua toka pangoni hadi mjini kwaweza kuleta msiba uleule unaoogopwa.

Nimelifikiri shauri hili siku nyingi, wala sithubutu kulipuuza. Yule aingiaye pangoni anakaribia hatari kwa ajili yetu, lakini aweza pia kuitoa nje kwa mikono yake. Naona hata hivyo kwamba kazi mbili tofauti zimetiwa katika kapu moja. Mtu aokotaye mavi yaliyodondoka, akayatia dawa iuayo virusi, akausoma uzi uliobaki, huyo asoma barua ya adui aliyekwisha kufa. Mtu avilishaye virusi vilivyo hai katika chembe za mwili maabarani ili aone vitakavyofanya, huyo amfuga adui. Yawezekana kazi hii ya pili nayo ina faida yake, lakini yataka ulinzi mkubwa zaidi na ruhusa ya watu wengi zaidi. Anayezilaumu kazi zote mbili kwa neno moja, au kuzisifu zote mbili kwa neno moja, amefanya haraka kama wale waliowaua fungo.

Tena faida ya kazi ile ya kwanza twaweza kuiona hapa kwetu. Popo wa Kenya walipimwa mwaka wa 2006, wakawa wa kwanza katika Afrika kuonekana na virusi vya korona, hata vya ukoo wa SARS. Katika Uganda popo aliyenaswa mwaka wa 2013 alikuwa na kirusi cha ukoo wa MERS, ugonjwa uliojulikana mwaka wa 2012 katika nchi ya Saudia na ambao watu huupata kwa ngamia. Habari kama hizi zatisha mtu akiishia hapo. Lakini wataalamu walipozijaribu nyuzi za virusi vya ukoo wa SARS kutoka popo wa Uganda na Rwanda, wakatangaza katika mwaka wa 2021 kwamba miiba yake haikuweza kuufungua ule mlango wa chembe za mwanadamu ambao virusi vya SARS na vya UVIKO-19 huupitia. Asiyepeleleza angalibaki na hofu nzima. Aliyepeleleza amebaki na kipande chake, naye ajua ni kipande gani.

Sasa nije kwa hofu yenyewe, maana nimeiona katika watoto wangu. Shule ilipofunguliwa tena mwaka wa 2020, wavulana wa darasa la saba walikuwa wameleta matambara na mafuta ya taa ili wawachome popo wa darini. Walidhani wanatenda mema. Katika nchi ya Peru, mwezi wa Machi mwaka uleule, wanakijiji waliwaendea popo na mienge ya moto kwa dhana hiyohiyo. Niliwaketisha wavulana nikawaeleza habari ya machimbo ya Kitaka, magharibi ya Uganda. Ugonjwa wa huko haukuwa korona, ulikuwa Marburg, lakini fundisho ni lilelile. Wachimbaji waliugua mwaka wa 2007, ikajulikana kwamba popo walao matunda waliojaa mle ndio wenye virusi. Basi popo wakauawa kwa maelfu na matundu yakazibwa. Mwaka wa 2012 Marburg ukazuka tena katika eneo lile. Wataalamu waliporudi machimboni walikuta popo wachache wamekwisha kurejea, na ambapo hapo kwanza walioambukizwa walikuwa kama 5 katika kila 100, sasa walikuwa kama 13. Wazee walikuwa wameondolewa, na waliohamia walikuwa wageni wasio na kinga.

Mvulana mmoja akauliza, "Basi Mwalimu, tukiwaua twajiongezea?" Sikumjibu ndiyo kwa kila pango na kila ugonjwa, kwa kuwa jambo hilo halijapimwa kila mahali. Nilimwambia kwamba popo wengi huzaa mtoto mmoja kwa mwaka. Kwamba mbuyu hufungua maua yake usiku, na popo ni katika wanaoyatembelea. Na kwamba wengine hula wadudu usiku kucha bila kututoza senti. Torati iliwahesabu popo miongoni mwa ndege wasioliwa. Haikuagiza wauawe. Tukanunua mbao, tukaziba nyufa za dari wakati popo walipokuwa wametoka na watoto wao walipokuwa wamekwisha kujua kuruka, nao wakahamia mahali pengine.

Na liko deni ambalo watu hulisahau kabisa, yaani deni la mpelelezi kwa popo mwenyewe. Sisi twamwona yeye kuwa ndiye mletaji wa maradhi. Lakini katika Marekani, tangu majira ya baridi ya mwaka wa 2006, popo kwa mamilioni wamekufa kwa ukungu unaoota puani mwao wakiwa katika usingizi wa baridi. Na yadhaniwa kwamba ukungu huo ulitoka Ulaya, umeshikamana na viatu au vyombo vya watu waingiao mapangoni. Tena katika mwaka wa 2020 mabingwa wa popo wa shirika la IUCN waliwashauri wenzao waahirishe kuwashika popo, wasije wao wenyewe wakawaambukiza UVIKO-19. Niliposoma habari hiyo nililikumbuka vazi jeupe la wale vijana watano. Nilikuwa nimedhani lawalinda wao na popo. Kumbe lawalinda popo na wao pia.

Deni la mwisho ni letu sisi tulio jirani ya pango, nalo ndilo nisiloona likilipwa vizuri. Vijana wale walikuwa na adabu. Walimwomba ruhusa mzee mwenye shamba, wakakaa naye, wakala chakula chake. Naye aliwauliza, "Mkikiona kitu, nani ataambiwa kwanza?" Mwalimu wao, ambaye naona alikuwa mtu mwaminifu, akamjibu kwamba habari hupelekwa mji mkuu, zikathibitishwa, ndipo zirudi. Mzee akacheka kidogo akasema, "Mimi nalala hatua mia mbili toka pangoni, na habari za pango zitanifikia zimekwisha kuzunguka nchi."

Najua kwa nini hufanywa hivyo. Habari isiyothibitishwa yaweza kuwasha mienge, na nimekwisha kueleza mienge ilifanya nini. Lakini uvumi hausubiri uthibitisho, na mwenye kukaa na hatari hapaswi kuwa wa mwisho kuijua. Ikiwa damu ya watu wa Jinning ilikuwa na neno la kusema, masikio ya kwanza yenye haki ya kulisikia yalikuwa ya wale sita.

Baada ya miezi minane ilikuja barua ya karatasi moja, kwa Kiingereza, ikapita katika ofisi mbili kabla ya kunifikia. Nikaifasiri mbele ya watu chini ya mwembe. Ilisema kwamba baadhi ya popo walikuwa na virusi vya korona, wala katika hivyo hakikuonekana kimojawapo kijulikanacho kuwadhuru watu. Kisha ikashauri watu wasiingie pangoni. Basi. Nikawasimulia pia habari ya machimbo ya Mojiang katika Yunnan, ambamo watu sita walioondoa samadi ya popo mwaka wa 2012 waliugua mapafu na watatu wakafa, ingawa sababu hasa haikuthibitishwa. Watu walinyamaza. Ndipo mama mmoja mjane akasimama, akasema kwamba kwa magunia ya samadi ya kila kiangazi amewanunulia wanawe wawili sare na madaftari tangu mume wake alipofariki. Aliuliza kama katika barua ile limo neno lolote juu ya jambo hilo.

Halikuwamo. Tuliandika majibu jioni ileile, mimi nikishika kalamu. Tuliomba mmoja wao arudi aseme na watu kwa Kiswahili. Atuambie kama kufunika pua na kinywa na kuvaa glavu kwatosha, au kama pango lazima liachwe kabisa. Na kama lazima liachwe, aliyesema hivyo asaidie kutafuta mbolea nyingine ambayo mjane aweza kuiuza. Mzee alitia sahihi kwa kidole gumba, mama yule akaandika jina lake. Mvua za vuli zimekwisha kuanza, jibu halijafika, na samadi ya mwaka huu ingali pangoni.